Vyumba Ishirini Kati ya Mbeya na Iringa

Barua ya kustaafu niliisoma mara mbili, kisha nikahesabu siku za likizo nilizobakiza, kisha nikazihesabu tena. Ofisi ilikuwa imekosea siku moja. Nikawaachia. Mtu anayegombania siku moja ya likizo wakati anaondoka moja kwa moja, huyo hesabu anaijua ila maisha yamempita.

Ninyi mnaobaki mmeniomba niwaandikie habari za kazi. Vyeo sitaviandika, vipo kwenye faili, na faili lenyewe mende wameshalila upande mmoja. Mishahara ndiyo kabisa. Nitaandika habari ya mwanzo, kwa sababu leo mna kerneli huku na kompaila kule, na wanaozitunza hawajawahi hata kunywa chai pamoja, mkadhani ndivyo dunia ilivyoumbwa. Sisi tulikunywa chai nyingi sana. Na tuligombana mpaka wahudumu wa hoteli za Makambako wakatujua kwa majina.

Nilianza katikati ya miaka ya sabini, Iyunga, pale Mbeya, ndani ya ghala la mabati kando ya barabara kuu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa najua vitu viwili: hesabu, na kuuza ndizi stendi ya Mbeya pamoja na mama yangu. Aliyenipokea alikuwa Mzee Asukile, fundi simu wa zamani kutoka Tukuyu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa shaba. Hakuuliza cheti. Alinipa kipande cha utepe wa karatasi wa manjano, upana wa vidole viwili, umejaa matundu.

"Hesabu matundu hayo."

Nikahesabu. Akauliza, "Ngapi?"

"Subiri kwanza, mzee." Nikageuza utepe, nikahesabu tena kutoka mwisho kwenda mwanzo. Nikampa jibu.

"Mbona umegeuza?"

"Ukihesabu mara ya pili kwa njia ileile, unarudia kosa lilelile."

"Nani kakufundisha hayo?"

"Mama."

"Basi ningemwajiri mama yako," akasema, "ila hakuja." Akanionyesha kiti.

Mashine yenyewe ilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo. Zilikuja mbili kutoka ng'ambo, kila moja na kasha lake: moja ikabaki kwetu Iyunga, nyingine ikapelekwa Iringa. Kumbukumbu yake ilifumwa kwa nyaya na vipete vidogo kuliko punje za ulezi, na iligawanyika katika vyumba elfu nane na mia moja tisini na mbili. Chumba kimoja kinakaa amri moja, au namba moja, au herufi mbili, basi, hakuna kubanana. Simu mnazobeba mfukoni leo zina vyumba vingi kuliko mbegu zote za ulezi za Mkoa wa Mbeya, ndiyo maana hamjui uchungu wa chumba kimoja. Sisi tuliishi kama wapangaji wenye mwenye nyumba mkali.

Kazi iligawanywa hivi. Sisi wa Mbeya tuliandika programu tuliyoiita Msimamizi. Huyo ndiye anayeamka wa kwanza mashine ikiwashwa, anagawa vyumba, anazungumza na vifaa vya nje, anaamua nani afanye kazi sasa na nani asubiri. Leo mnamwita kerneli. Wenzetu wa Iringa waliandika Mtafsiri, yaani kompaila: unampa maelezo kwa maneno ya binadamu, yeye anayageuza kuwa amri za mashine. Na maneno yenyewe yalikuwa ya Kiswahili. KAMA, BASI, RUDIA, SOMA. Wageni walioleta mashine walicheka. Tuliwaacha wacheke, walikuwa wanaondoka Ijumaa.

Aliyewaongoza wa Iringa ni Mwalimu Skolastika Msigwa. Alikuwa amefundisha hisabati miaka mingi shule ya misheni, na bado alikuwa anamtazama kila mtu kana kwamba hajarudisha daftari. Kwao ni Ilula. Safari ya kwanza nilipokwenda Iringa niliingia ofisini kwake na karatasi mkononi, nikaanza moja kwa moja, "Mwalimu, hapa kwenye ukurasa wa tatu..."

"Kamwene," akanisalimu Kihehe.

"Kamwene, Mwalimu. Hapa kwenye ukurasa wa tatu..."

"Habari za safari? Mama hajambo? Mzee Asukile mmemwachaje? Keti unywe chai. Ukurasa wa tatu hauna miguu."

Zile programu zilisafiri kwa basi, zimetobolewa kwenye utepe, zimekunjwa ndani ya maboksi ya viatu. Kondakta alikabidhiwa kama anavyokabidhiwa maziwa ya mgonjwa. Safari moja Mwalimu alitoka kwao akaweka utepe juu ya tenga la nyanya za Ilula, akaona amefanya akili, kwa sababu nyanya hakuna anayezikalia. Tenga likakaliwa. Tulipokea Mtafsiri akiwa mchuzi. Mzee Asukile akautandaza utepe juani kwenye kamba ya nguo, akauziba kwa gundi na wembe palipochanika, halafu akamwandikia: "Toleo hili lina ladha nzuri kuliko lililopita."

Huyo mzee ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kutoboa tundu lililosahaulika kwa pini, kuliondolea vumbi kwa pumzi jicho la kifaa kinachosoma utepe bila kulitemea mate, na zaidi ya yote alinifundisha redio. Alikuwa na redio ndogo ya betri, anaiweka juu ya mashine, anaisogeza mpaka mahali pasipo na stesheni. Mashine ikifanya kazi, redio inanguruma: kila sehemu ya programu na sauti yake. Mzunguko mfupi unalia kama nyuki, mrefu unalia kama gari linalopanda mlima. Kwa fundi simu haikuwa ajabu. "Sisi tulikuwa tunaujua ugonjwa wa laini kwa sikio," alisema. "Macho yanadanganywa na kilichoandikwa."

Shughuli yote hii ilikuwa na mteja mmoja: kinu kidogo cha mpunga Ubaruku, ambacho leo hakipo. Kinu kilikuwa na makaushio ya moto. Mpunga wa mashamba ya maji unaletwa bado mbichi; ukiukausha taratibu unapata mchele mzima, ukiuharakisha punje zinapasuka ndani ya maganda na kinuni zinatoka chenga tupu. Mashine yetu ilitakiwa kupima unyevu wa mpunga kila dakika, kupandisha na kushusha moto, na kuuzima pale unyevu unapofika kumi na nne kwa mia. Wakubwa wa mradi walituandikia barua fupi: tumepewa msimu mmoja. Mashine ikikausha vizuri, inabaki na sisi tunabaki nayo. Isipoweza, zote mbili zinarudi kwenye makasha, na sisi wa Mbeya na Iringa kila mtu anarudi alikotoka. Mimi nilikotoka ni stendi. Sikuidharau, ila nilikuwa nimeshaonja kazi ya kuifanya mashine itii.

Msimamizi wa kwanza tulimwandika kwa mkono, amri moja moja, na alikaa vyumba elfu mbili. Ubaya wake, walioweza kumsoma ni watu wawili, mimi na Mzee Asukile. Mzee alipougua malaria wiki mbili nikabaki peke yangu, na kazi ikasimama kama saa iliyoingia maji. Tukakubaliana na Iringa kwamba Msimamizi aandikwe upya kwa lugha ya Mtafsiri, ili hata mtu mpya amsome. Tukamwandika. Mtafsiri akamtafsiri. Nikahesabu vyumba: elfu mbili na mia nne. Nikahesabu tena, havikupungua.

Kikao cha kugombea vyumba mia nne kilifanyika Makambako, kwa kuwa ni kati kwa kati na hakuna anayeweza kusema amemfuata mwenzake. Upepo wa Makambako mnaujua. Tulikaa hotelini na makoti yetu, Mwalimu upande ule, mimi na Mzee upande huu, sahani ya nyama katikati.

"Mwalimu," nikaanza, "elfu mbili na mia nne? Hii sasa ni nyumba ya wageni."

"Kutafsiri kunanenepesha."

"Mfungishe saumu basi."

"Elfu mbili na mia tatu hamsini."

"Nimekuja kutoka Mbeya kwa ajili ya hamsini? Mpunga nao unahitaji pa kukaa. Programu ya makaushio tutaiweka wapi, kwenye boksi la viatu?"

"Mia tatu, na mnipe wiki tatu."

Nikanyanyuka, nikafunga vifungo vya koti. Mama alinifundisha kwamba bei haishuki mpaka umeonyesha mgongo.

"Keti, Mwakalinga," akasema bila kuinua macho. "Basi la Mbeya limeshapita. Unakwenda wapi?"

Mzee Asukile akakohoa ili asicheke. Nikaketi. Lakini sikuacha, nilimbana mpaka nyama ikapoa, tukafunga biashara kwenye elfu mbili na mia mbili. Yaani apunguze vyumba mia mbili. Nilirudi Mbeya nimenyoosha shingo kama jogoo. Nilipitia kila kitu nilichokipata pale mezani, na sikujiuliza hata mara moja yeye atavipunguzia wapi. Hilo ndilo kosa langu, na naliweka hapa wazi kabla sijawasimulia la mwenzangu.

Mtafsiri mpya alifika siku chache tu kabla ya kuhamia Ubaruku. Tukamtafsiri Msimamizi upya: vyumba elfu mbili mia moja themanini na saba. Amenizidishia punguzo la kumi na tatu! Nilimwonyesha kila aliyepita, mpaka mpishi. Majaribio yetu yote ya Iyunga, kipimio ndani ya debe la mpunga juu ya jiko la mkaa, tulikuwa tumeyafanya na Mtafsiri wa zamani. Huyu mpya tulimjaribu asubuhi moja tu, debe moja, tukapakia.

Mashine ilisafiri kwa lori, ndani ya kasha lake, imevikwa magodoro manne. Ubaruku tuliitundikia shuka bichi dirishani kuzuia vumbi la maganda, na shuka hilo lilihitaji kuloweshwa kila saa kama mtoto mwenye homa. Mkulima wa kwanza kutukubali alikuwa Mzee Masanja. Familia yake ilishuka bonde la Usangu na ng'ombe kutoka Shinyanga, wakakuta maji, wakaanza kulima mpunga. Sasa alikuwa na mikokoteni minne na maneno machache. Unyevu aliupima kwa meno. Anachukua punje, anaiuma, anasikiliza inavyokatika, anasema "bado" au "tayari". Sijawahi kusikia amekosea.

"Mwangaluka, mzee," nikamsalimu kwa Kisukuma changu cha kuokoteza.

"Mwangaluka. Hiyo kabati yenu ina meno?"

"Ina sindano, mzee. Zinaingia kwenye mpunga zinapima."

"Haya," akasema. "Nimempa hata daktari mwili wangu achome sindano. Chukueni mkokoteni mmoja."

Tulichukua mkokoteni mmoja. Mashine ikaupima, ikaukausha, ikauzima moto yenyewe, tukapeana mikono. Mpunga ukaenda kinuni. Baada ya muda Mzee Masanja akaja mlangoni, akafungua kiganja. Ndani yake palikuwa na chenga.

"Mwanangu," akaniambia kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza, "mimi nilileta mchele ukiwa ndani ya maganda yake. Huu ni unga unaojidai mchele."

Meneja wa kinu alimrudishia mpunga gunia kwa gunia kutoka ghala la kinu. Kisha akatugeukia sisi. "Nawapa mzigo mmoja mwingine. Mchele ukitoka mzima, mashine inabaki hapa, nitaandika mwenyewe kwa wakubwa wenu. Ukitoka chenga, kasha lenu lipo stoo, hata misumari yake sijaitupa."

Tukarudi kwenye karatasi. Teleprinta ilikuwa inachapa kila kipimo cha unyevu, na karatasi ilisema: ishirini na mbili, ishirini na moja, ishirini, ishirini, halafu ghafla ishirini na tisa, halafu ANZA UPYA. Mashine ikiona unyevu wa ishirini na tisa inaamini kwamba mpunga mbichi umemiminwa, inaanza kazi kutoka mwanzo na moto mkubwa wa saa nzima bila kuuliza. Mpunga wa watu, uliokuwa umekaribia kukauka, ukapigwa moto huo. Lakini maji hayajirudishi yenyewe kwenye mpunga ulioko motoni.

Hiyo ishirini na tisa niliijua inakotoka. Kipimio kinapotoka ishirini kwenda kumi na tisa, tarakimu mbili hazigeuki pamoja. Ile ya nyuma inakuwa tisa huku ya mbele bado ni mbili. Ukisoma katikati ya kitendo hicho, unasoma ishirini na tisa. Kwa hiyo mimi, mtoto wa mama yangu, niliandika Msimamizi asome mara mbili. Majibu mawili yakilingana, sawa. Yakitofautiana, atupe yote asome tena. Niliandika hivyo kwa mkono wangu: SOMA, halafu tena SOMA.

"Iringa wametuharibia," nikasema.

"Au sisi tumejiharibia," akasema Mzee Asukile. "Washa."

Tuliwasha asubuhi, kaushio likiwa tupu. Akaweka redio juu ya mashine, akainamisha kichwa. Kila dakika ilipofika, redio ilisema krr. Ikanyamaza. Krr. Ikanyamaza.

"Unasema inasoma mara ngapi?"

"Mbili, mzee. Ninayo karatasi hapa."

"Mimi nasikia krr moja."

"Labda betri..."

"Mwakalinga. Betri haina shule ya kuchagua krr ya kunificha."

Nikakunjua orodha ya amri alizozitoa Mtafsiri, karatasi ndefu kutoka mlangoni mpaka kwenye teleprinta, nikapiga magoti juu yake. Kila SOMA ina amri nne, yaani vyumba vinne. Kwenye unyevu ilitakiwa nione vinne, halafu vinne. Nikaona vinne. Nikahesabu kutoka chini kwenda juu. Vinne. Usomaji wa pili haukuwepo. Msimamizi wangu alikuwa anachukua jibu la kwanza, analilinganisha na lenyewe, anaridhika.

Niliondoka na basi la kwanza na karatasi ile imeviringishwa kwapani. Njia nzima nilikuwa napanga hotuba. Nilipoingia ofisini kwao Iringa sikusubiri kamwene.

"Mwalimu, Mtafsiri wako ananiibia!"

Wenzake wawili wakashusha kalamu. Yeye akavua miwani. "Hakuna mwizi hapa. Onyesha."

Nikaitandaza. Akasoma kwa kidole, kimyakimya, mstari kwa mstari, mpaka pale.

"Ndiyo," akasema. "Nimeuondoa mimi."

"Umeuondoa?"

"Umeuliza kipimio namba nne, hiki cha unyevu, umepata jibu. Mstari unaofuata unauliza kipimio kilekile, swali lilelile. Jibu unalo tayari mkononi. Nimemfundisha Mtafsiri asiulize mara mbili kitu anachokijua. Huo ni ubadhirifu."

"Jibu la pili linaweza kuwa tofauti!"

"Swali moja, majibu mawili? Katika hisabati gani?"

"Katika mpunga, Mwalimu! Kipimio kinabadilika wakati tunasemezana hapa!"

Akanirudi, na sauti ilikuwa ya darasani. "Ulinibana Makambako nikakupa vyumba mia mbili. Ulidhani nitavitoa wapi? Kwenye mfuko wa sketi? Nimekaa wiki tatu natafuta kila kinachojirudia katika programu yako. Hukuniambia kwamba kuna vinavyojirudia kwa makusudi. Hata mstari mmoja."

"Hukuuliza."

"Nawe hukuuliza nitakata nini."

Nawaambia ukweli, ilikuwa aibu tamu: hakuna aliyekosea ndani ya chumba chake. Programu yangu ilikuwa sahihi. Mtafsiri wake alikuwa sahihi, tena hodari. Ubovu ulikaa barabarani, kati ya Mbeya na Iringa, mahali ambapo hakuna aliyepewa kupalilia.

"Mmoja wenu alete chai," Mwalimu akawaambia wenzake. "Mwakalinga, kamwene."

"Kamwene, Mwalimu."

Tulipitia karatasi yote siku ile. Kumbe usomaji wa unyevu ulikuwa mmoja tu kati ya mitano niliyoiandika mara mbili. Joto, feni na vingine navyo vilikuwa vimekatwa. Vyumba vinne mara tano, ishirini. Nilitaka aondoe ubahili wote. Akakataa, na alikuwa na haki: tungerudi elfu mbili na mia nne na programu ya makaushio isingepata pa kuingia. Yeye akataka Mtafsiri abashiri mwenyewe vifaa vinavyobadilika. Nikakataa mimi: anayevijua vifaa ni Msimamizi, mwingine anabahatisha. Tukafika kwenye neno moja. Akaongeza kwenye lugha neno HAI. Mimi nikiandika HAI mbele ya kitu, Mtafsiri anajua kitu hicho kiko hai, kinabadilika bila ruhusa yake, lazima aulize upya kila nitakaposema aulize. Nisipoandika, ana ruhusa ya kubana.

Halafu akachukua karatasi ya grafu akapiga mstari katikati. Upande mmoja akaandika: Msimamizi anaahidi. Upande wa pili: Mtafsiri anaahidi. Tukajaza mpaka chini. Nani anatunza namba gani mashine ikikatizwa kazi, nani anaruhusiwa kugusa vyumba gani. Sheria ya mwisho aliiweka yeye: anayetaka kubadilisha chochote, barua itangulie, utepe ufuate. Tukatia sahihi wote wawili. Nimefanya kazi na mashine nyingi tangu siku hiyo, na kila palipokuwa na karatasi ya namna ile, kazi ilikwenda.

Tukatafsiri upya, nikahesabu. Elfu mbili mia mbili na saba.

"Umezidi saba," akasema Mwalimu. Nakuapieni alikuwa anafurahi.

"Saba tu, Mwalimu."

"Tulisema mia mbili. Nilikuona ukitaka kuondoka kwa ajili ya mia." Akapekua orodha. "Hapa. Mashine ikiwaka inachapa MSIMAMIZI WA IYUNGA YUPO. Herufi na nafasi ishirini na nne, mbilimbili kwa chumba. Vyumba kumi na viwili vya majivuno. Bakiza MSIMAMIZI."

Nikahesabu. Neno hilo peke yake ni vyumba vitano, tumeokoa saba kamili. Nikakata Iyunga kwa mkono wangu mwenyewe, na Mzee Asukile alipoambiwa alisema ni mara yangu ya kwanza kununua kwa bei ya muuzaji.

Mwalimu akapanda nami basi, utepe mapajani, hakuna nyanya. Hakuwahi kuiona mashine ikifanya kazi zaidi ya kuchapa karatasi. Ubaruku tulikuta tatizo jingine: hakuna mkulima aliyetaka kutupa mpunga. Habari za chenga husafiri. Wote walituambia watafikiri, na mnajua maana yake. Mikokoteni ya Mzee Masanja ilikuwa imefika tena, yote minne, imepanga foleni kwenye kaushio la mkono. Nikamwendea.

"Mzee, tupe mmoja."

"Nilikupa mmoja."

"Tulikosea, na kosa tumeliona. Halikuwa la sindano, lilikuwa letu sisi wawili." Nikamwonyesha Mwalimu. "Huyu katoka Iringa kulirekebisha."

Akamtazama Mwalimu. "Mama, na wewe ni wa kabati?"

"Mimi ni wa kulifundisha, baba."

"Halikusikia."

"Lilisikia vizuri mno. Mimi nilifundisha vibaya."

Hilo lilimgusa kuliko maneno yangu yote. Nikaona mwanya, nikaingia. "Simama hapohapo kwenye kaushio, mzee. Uma punje wakati wowote. Meno yako yakisema tayari kabla ya mashine, tunazima moto, tunafunga makasha. Meno yawe hakimu."

"Yamebaki kumi na tisa."

"Fungua nihesabu."

Alicheka mpaka akashika gurudumu la mkokoteni. "Mmoja," akasema. "Mitatu inabaki ilipo."

Kazi ilianza asubuhi. Mzee Masanja aliweka kigoda kando ya kaushio. Meneja alipita mara tatu bila kuuliza kitu. Mzee Asukile alikuwa ameinamia redio, na ilikuwa inasema krr-krr, krr-krr, safi kabisa. Mimi na Mwalimu tulisimama juu ya teleprinta. Ishirini na mbili. Ishirini na moja. Ishirini. Ishirini. Mwalimu alikuwa amenishika mkono wa koti, nadhani hakujua. Teleprinta ikagonga: 29, 19, TOFAUTI. Ikapumua. 19, 19.

"Imeitupa," Mwalimu akanong'ona. "Imeikataa."

Moto haukupanda. Unyevu ukaendelea kushuka taratibu, kumi na nane, kumi na saba, na mzee pale nje anauma, "bado", anauma, "bado". Mchana ukageuka. Ilipofika kumi na nne swichi ikalia tap na moto ukazimika. Mzee Masanja alikuwa na punje kati ya meno. Akaiuma. Akachukua nyingine, kutoka chini kabisa, akaiuma. Akaupeleka mpunga kinuni mwenyewe, akaungoja mdomoni mwa kinu akiwa ameshika ungo.

Alirudi na ungo umejaa, Meneja nyuma yake. Akauinamisha juani, akachambua kwa kidole. Mchele mrefu, mzima, mweupe. Chenga zilikuwa za kuhesabika, nami nilianza kuzihesabu, Mzee Asukile akanipiga kofi mkononi. Mzee Masanja hakututazama. Aligeuka kuelekea kwenye mikokoteni yake, akawaita watu wake kwa sauti iliyofika barabarani.

"Shusheni yote!"

Mwalimu Skolastika akakunja mikono ya blauzi, akashika gunia la kwanza upande mmoja. Mimi nikashika upande wa pili.